Kengele ya Mtani Polikarpo

Polikarpo, Mnyamwezi wa Tabora, alikuwa seremala Keko. Tulipanga nyumba moja Mtoni, yeye na mkewe Demetria chumba cha mbele, mie cha uani. Enzi zile za ruksa, mali za nje zilipoanza kumwagika mjini, akapata mota kuukuu ya gari, akaifunga kwenye baiskeli yake, na betri ya gari juu ya keria. Nyumba nzima tunawasha koroboi, baiskeli ina umeme! Siku ya kwanza ilipita lori, ikapita basi, ikapita hadi kivuli chake. Kivuli kilifika Keko saa nne, kinahema. Anayebisha akawaulize mbuzi wa Mtongani. Wakisikia mota mpaka leo wanapanda minazi.

Chumvi yangu inaishia hapo.

Kila asubuhi, kabla hajapanda, Polikarpo alikagua, kuanzia juu akishuka chini. Kengele. Breki: anaibana, anaisukuma baiskeli aone kama inakataa. Anavuta mipira iliyofunga betri, anafuata nyaya kwa kidole kama anayetafuta chawa, anaminya matairi kwa dole gumba, anatikisa magurudumu.

"Breki ndiyo mke mkubwa," alisemaga. "Mota mke mdogo, kazi yake kukukimbiza tu."

"Nakusikia!" Demetria anajibu toka ndani.

Sasa mie Mzaramo, yeye Mnyamwezi, watani. Mtani hana kosa. Nikishasali alfajiri napita pale barazani, naharibu kitu kimoja. Leo natoa upepo, kesho nageuza kiti, keshokutwa nachomoa waya wa betri. Kimoja tu, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu, na yeye lazima akione.

"Mtani mwizi! Leo kiti!"

"Mnyamwezi na kiti wapi na wapi? Nyie mmezoea mizigo!"

"Ukifa nakuchongea jeneza fupi, miguu ibaki nje!"

"Tangulia wewe, nije nilichezee ngoma!"

Taratibu akazoea vibaya. Akishaipata hila yangu anacheka, anapanda, anaondoka. Kilichobaki hakigusi tena. Niliona. Nikanyamaza, maana ilinifurahisha kuwa nimemshika hivyo.

Ijumaa moja nikalegeza skrubu ya kengele. Kwa ukucha huu. Polikarpo akaigusa, ikazunguka.

"Mtani, umeishiwa! Kengele?"

"Kesho naiba baiskeli nzima!"

Akaikaza, akacheka mpaka akakohoa, akapanda. Breki hakuibana. Na waya wa breki, ndani ya ganda lake, ulikuwa umeliwa na kutu, umebaki uzi mmoja. Hilo tulilijua baadaye.

Kwenye mteremko wa kwenda darajani uzi ukakatika, na betri ile nzito ikamsukuma. Waliokuwepo walisema walisikia kengele tu. Anaipiga, anaipiga, watu wapishe. Watu wakapisha. Lori la mchanga lilikuwa limeegeshwa, halikupisha.

Demetria aliniuliza siku ileile, amekaa chini, kanga imemdondoka kichwani. "Bibi Mwajabu, si alikagua? Nimewasikia mnacheka."

"Alikagua," nikasema.

Wenzake wa Keko walimchongea jeneza refu, zuri, limepigwa msasa likateleza kama sabuni. Kabla halijatoka, sie watani tukalizuia mlangoni. Ndiyo mila: mtani amwigize marehemu, watu wacheke kidogo kabla ya kaburi.

"Bibi Mwajabu, tuanzie!" wakapiga kelele.

Nikaenda. Nikaminya pembe za jeneza kwa dole gumba. Watu wakaanza kucheka, ndiye yeye kabisa. Nikavuta vishikio. Nikatikisa. Nikapitisha kidole ubavuni, ubao kwa ubao, mpaka miguuni, sikuruka hata msumari. Kisha nikainama nikasema kwa sauti, wote wasikie:

"Mtani, kengele nililegeza mie. Breki sikuigusa. Ungeshuka chini kidogo tu, mtani wangu, ungeiona."

Kicheko kikapasuka uwanja mzima. Mmoja akasema, "Bibi huyu ataua watu!"

Demetria peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama mikono.

Nikapisha.