Nilijenga aquarium ya lita elfu nne sebuleni Diani, na chini ya sakafu kulikuwa na mtu

Wakuu, heshima zenu. Wa shikamoo nawapa shikamoo, wa mambo nawapa mambo.

Juzi kuna jamaa humu aliuliza anunue vifaa gani ili aweke aquarium kubwa ya maji chumvi nyumbani kwake. Mkamjibu vizuri sana: taa hizi, pampu ile, mawe yale. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza sakafu yake imekaa juu ya nini. Nilisoma zile comments zote nikaacha chai ipoe.

Kwa hiyo naandika. Sitatia chumvi. Palipo na ujinga wangu nitasema ni ujinga, na kuna mahali pabaya kuliko ujinga, napo nitafika.

Hii ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, zile mvua za El Niño zikiwa zimeshapita. Mimi ni mtu wa bara, nimezaliwa kule kwenye baridi na viazi. Nilikuja pwani kufanya kazi ya mabomba katika hoteli moja Diani, nikapanga chumba Ukunda. Umri miaka ishirini na sita, mdomo mkubwa, na screwdriver mfukoni hata Jumapili kanisani.

Kulikuwa na mzungu mmoja mstaafu, tumwite Bwana Anton. Alikuwa mzamiaji tangu ujana wake. Masikio yakaharibika, daktari akamwambia ukizama tena utakuwa kiziwi. Mzee akaona basi, kama yeye hawezi kwenda kwa samaki, samaki watakuja kwake.

Siku moja alikuja hotelini akauliza kama kuna fundi anayejua mambo ya aquarium kubwa za baharini. Nikainua mkono.

Wakuu, nilikuwa sijawahi kujenga hata ya samaki mmoja. Nikamwambia nimejenga mbili Nairobi. Sijui zilitoka wapi zile mbili. Zilitoka tu.

Akanipa kazi. Na huo uongo ndio uliozaa mengine yote, kwa hiyo ushikeni.

Nyumba yake ilikuwa ya zamani, paa la vigae, imekaa karibu na ufuo. Sebule kubwa kweli kweli. Nikapima ukuta, tukakubaliana: urefu futi kumi na mbili, upana futi nne, kina futi tatu. Piga hesabu mwenyewe. Maji peke yake ni tani nne, bado hujaweka mawe, mchanga, kioo na stendi ya chuma.

Kupanga nilipanga, msinionee. Bwana Anton alikuwa na vitabu vyake vya picha, mimi nilikuwa na kichwa na aibu ya kuumbuka. Kioo cha milimita kumi na tisa kiliagizwa kupitia Mombasa, kikavuka feri ya Likoni ndani ya masanduku ya mbao huku mimi nimekishikilia kama maiti ya mzazi. Stendi ilichomelewa Ukunda. Sump ya kuchujia maji chini yake. Pampu mbili, moja ikifa nyingine inaendelea. Skimmer ya kutoa povu la uchafu. Taa kali za kulisha matumbawe, na kwa sababu taa zenyewe ni jiko, tukaweka mashine ya kupoza maji. Jenereta pia, maana stima ya Diani siku hizo ilikuwa inakuja kusalimia tu. Mzee alishughulikia vibali vya mawe na samaki mwenyewe.

Miezi mitatu nzima. Na miezi mitatu nzima nilifanya kazi mlango umefungwa kwa ufunguo.

Kwa nini? Kwa sababu sikutaka mtu anione nikifungua kitabu. Gundi ya silicone nimeirudia mara mbili. Bomba la kwanza nililikata fupi. Nikawaambia watu wa nyumba kwamba vumbi litaharibu gundi, asiingie mtu. Wakatii.

Watu wa nyumba walikuwa wawili tu, mume na mke, Wadigo wa upande wa Msambweni. Mume ni Hamisi, mtunza bustani, mtu wa maneno machache na kazi nyingi. Mke ni Mama Saumu, mpishi. Wamekaa katika nyumba ile tangu mwenyewe wa kwanza, kabla Bwana Anton hajainunua.

Mama Saumu alikuwa akinipakulia chakula kila siku saa saba. Samaki wa kupaka, wali wa nazi, nyama siku ya Ijumaa. Ananikaribisha vizuri, "Fundi, karibu ule, kazi haitakimbia." Mimi nachukua sahani mlangoni, asante Mama Saumu, nageuza ufunguo. Kule kwetu mtu hushika kazi yake. Hapa pwani mtu anakusalimia, anakuuliza habari za nyumbani, za wazazi, za safari, na humo humo kwenye maongezi ndimo mnamopata kujua mambo. Mimi nilidhani wanapoteza wakati.

Siku moja aliniambia, "Hapo ulipo ndipo tulipokuwa tukilala mchana wakati wa joto. Sakafu yake ina baridi." Nikasema ooh, nzuri, nikafunga mlango.

Sikuuliza baridi hiyo inatoka wapi. Nilikuwa nimeshaamua kwamba Diani yote ni jiwe, ukichimba futi mbili umegonga mwamba. Niligonga sakafu mara moja kwa kisigino. Ndiyo utafiti nilioufanya, wakuu. Kisigino.

Siku ya kujaza ikafika. Tulingoja bamvua, maji ya bahari yajae sana na yawe safi. Pickup ikawa inaleta mapipa kutoka ufuoni, naweka mpira, pampu inavuta hadi ndani. Tulianza saa mbili asubuhi. Bwana Anton alikuwa ufuoni akisimamia mapipa, anacheka peke yake kama mtoto siku ya Krismasi.

Saa tano maji yamepita nusu. Nimesimama pale nayaangalia yakipanda kwenye kioo, najiona mimi ni injinia.

TAK.

Roho ikaniruka. Nikadhani kioo. Nikapitisha kidole kila kiungo, juu hadi chini. Pakavu kabisa. Nikaweka pima maji juu ya stendi, lile povu lake dogo likawa limehama. Kidogo tu. Nikajiambia miguu ya stendi inakaa vizuri. Nikachukua kipande cha plywood nikakipigilia chini ya mguu mmoja.

Naomba mnielewe: sakafu inazama, na mimi napiga nyundo.

TAK ya pili. Safari hii niliiona. Mstari mwembamba ulitoka chini ya stendi ukapita katikati ya vigae kuelekea mlangoni. Nikapiga magoti, nikalaza sikio sakafuni nisikilize kama kuna bomba limepasuka.

Nikasikia kwaru, kwaru, kwaru.

Mtu anasugua. Chini ya sikio langu. Halafu akakohoa.

Ngai wangu! Nikazima pampu, nikafungua valvu ya kutolea maji, lakini bomba lake lilikuwa la inchi moja na nusu. Kumwaga tani zote zile kungechukua zaidi ya saa. Nikafungua mlango nikakimbia jikoni.

Mama Saumu alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Mama Saumu, chini ya sebule kuna nini?"

"Kuna tangi la maji ya mvua. Hiyo sebule ilikuwa baraza, walijenga kuta baadaye. Kwani wewe hujui?"

"Kuna mtu ndani?"

"Baba Saumu yumo. Analisafisha kabla ya masika. Kila mwaka hulisafisha."

Nilinyoosha tu mkono kuelekea sebuleni, akatazama, akaona ule ufa unatoka mlangoni. Nazi ikamponyoka.

"Lahaula! Umeweka maji kiasi gani humo wewe?"

Tukazunguka nyumba mbio. Nyuma ya maua, pale mfereji wa paa unaposhukia, kulikuwa na tundu la mraba, mfuniko pembeni, ngazi ya mbao imeshuka ndani. Miezi mitatu nilipita pale kwenda chooni, na Bwana Anton naye hakuwahi kuuliza linaelekea wapi.

Mama Saumu akainama. "Baba Saumu! Toka! Toka sasa hivi!"

Hamisi alikuwa kona ya mbali, amejifunga kitambaa puani na masikioni kwa sababu ya chokaa. Sauti yake ikarudi imetulia kabisa: "Bado kona moja! Wali utangoja!"

Na kona hiyo moja ndiyo iliyokuwa chini ya aquarium yangu.

Tukaita tena, wote wawili. Kwaru, kwaru. Ndani mle sauti zinajigonga ukutani hazifiki. Ikabidi mtu ashuke akamvute.

Sasa, wakuu, hapa ndipo pale pabaya kuliko ujinga nilipowaahidi.

Nilisimama.

Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya uzito ule kwa miezi mitatu. Hakuna mtu duniani aliyejua vizuri kuliko mimi ni kilo ngapi zilikuwa juu ya kile kipande cha zege. Miguu ilikataa. Nikamwambia yule mama, mke wa mtu aliye ndani, "Tupige kelele zaidi, atatoka tu." Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Alinitazama mara moja, akakaza leso kiunoni, akaingia. Kipandio cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mabega na kichwa tu vimebaki juu.

Ndipo aibu ikanisukuma kule ambako ujasiri ulikataa. Nikamshika mkono nikamvuta nje, nikapiga kelele, "Toka Mama, nitashuka mimi!" Na wakati huo huo Bwana Anton alikuwa anatokea kwenye kona ya nyumba. Alichokiona ni fundi anamwokoa mama wa watu kutoka kwenye shimo na kujitosa yeye mwenyewe.

Ndani kulikuwa giza na harufu ya chokaa. Vumbi la saruji linashuka kama unga kwenye chekeche. Hamisi ameinama, amenipa mgongo, anasugua. Juu yake nondo zimetokeza, nyekundu kwa kutu, na ufa ambao ungeingiza kidole.

Nilimkamata ukosi nikamburuta. Akanipiga na brashi, alidhani nimerukwa na akili. Akainua macho, akaona. Tulipanda ile ngazi kwa pamoja, sijui iliwezaje kutubeba.

Tulikuwa hatujafika hata kwenye mnazi wa karibu. Kwanza ilikuwa kama gunia zito limeangushwa. Kisha kioo. Sitaweza kuwaelezea ile sauti ya kioo. Upande mmoja wa sebule uliingia chini, maji ya bahari yote yakaenda kwenye tangi la maji matamu, pamoja na stendi, na pampu, na miezi yangu mitatu.

Hamisi akakaa chini kwenye nyasi. Alikuwa bado ameshika brashi. Mke wake alimfungua kile kitambaa masikioni, polepole, akamfuta chokaa usoni kwa leso, kisha akaanza kulia.

Niliungama uongo wangu wa zile aquarium mbili siku ile ile, mbele ya wote. Bwana Anton alisema kioo kinanunuliwa. Akasema nilikuwa mwongo lakini nimeweka roho yangu kwa ajili ya mwenzangu, na mtu wa namna hiyo hafukuzwi. Miezi michache baadaye tulijenga nyingine, ndogo kwa nusu, juu ya mwamba ambao Hamisi mwenyewe alinionyesha. Nikapata jina. Kazi zikaja kutoka Diani hadi Msambweni. Nimesomesha watoto kwa jina hilo.

Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Kama ningekubali tangu mwanzo kwamba sijui, mlango ungekuwa wazi, Mama Saumu angeingia na sahani, angesema neno moja tu. Kwa hiyo wewe jamaa wa juzi, kabla ya taa na pampu, tafuta mtu aliyeishi katika nyumba hiyo kabla yako. Msalimie. Mwache aongee hadi amalize.

Lakini hilo ni somo la aquarium.

Hamisi yupo, mzee sasa. Kila Idd hunipigia simu, ananiita ndugu yangu, anawaambia wajukuu wake huyu ndiye aliyeshuka kunitoa. Huwa nasema tushukuru Mungu, nabadilisha mazungumzo.

Mama Saumu aliligusa jambo hilo mara moja tu, kesho yake baada ya sebule kuporomoka, akinipa chai. Hakuwa na hasira. "Nilishashuka vipandio vitatu, fundi. Wewe ulikuwa juu."

Hakumwambia mumewe. Miaka yote hii hakumwambia.

Haya, comments ziko wazi, nitukaneni, nitasoma zote. Ila anayejua aniambie: mtu anaanzaje kumwambia mzee kama yule, ambaye ameshampa mjukuu wake jina langu?