Mizizi Iliyotakata

Mkono wa Ruphin, jamani, ungeosha kaa la moto likatoka jeupe na bado linawaka. Mtaa mzima wa Yeoville, Johannesburg, ulimjua. Fundi cherehani Marcellin alimpelekea shati lenye doa la mawese. Likarudi linang'aa hata nzi wakaogopa kutua juu yake.

Mkono huohuo ndio uliompa kazi Randburg, mwaka 2017, kwenye maabara ya mbegu. Mizizi ya ngano ing'olewe, ioshwe, ilazwe kwenye skana, ipigwe picha. Kisha kompyuta ipime weusi wa kuoza, iseme mbegu ipi inahimili ugonjwa wa udongo. Kibarua kilikuwa cha msimu. Kikiongezwa, Ruphin angemleta Héritière, mkewe, aliyemwacha Lubumbashi miaka minne nyuma, na ambaye sasa kwenye simu aliuliza neno moja tu: "Lini?"

Msimamizi wake, Lerato, alizaliwa Morogoro wazazi wake wa Afrika Kusini wakiwa uhamishoni, na Kiswahili chake kilibaki cha huko. Siku ya kwanza, akiwa anatoka mbio, alisema, "Kaka Ruphin, mizizi suuza tu!"

Ruphin akasikia "sukula". Na kwao Lubumbashi kusukula si mchezo: ni sabuni, ni burashi, ni kufikicha mpaka uchafu ukane ukoo wake.

Akasukula mizizi mia sita. Weusi ukaporomoka kwenye beseni, ukaenda na maji, naye anapiga mluzi.

Siku ya majibu, Lerato aliikodolea macho kompyuta.

"Weusi asilimia mbili? Hata hii iliyokufa shambani? Kaka, umeifanyaje?"

"Nimeisukula, dada, vile ulisema. Ona, inang'aa kama meno ya bibi harusi!"

"Nilisema suuza! Kuipitisha majini, basi. Ule weusi ndio tuliokuwa tunautafuta!"

Ruphin akacheka, akidhani ni utani wa watu wa Morogoro. Kisha akamwona macho.

"Basi twende tukang'oe mingine."

"Shamba limeshalimwa, hakuna uliobaki. Eish, kaka."

Hakumfokea. Heri angemfokea. Msimu mzima ulifutwa, na kibarua kikafutwa nao.

Jumapili simu ililia: Héritière. Ruphin aliitazama ikilia mpaka ikachoka. Mikono yake ilikuwa kwenye beseni, akisukula shati jingine la Marcellin lililotakata tangu asubuhi. Simu ikalia tena. Akaongeza sabuni, akafikicha, mpaka kola ikatoboka na vidole vyake vikatokea upande wa pili.