Mtani na Chungu cha Bibi

Ramadhani iliyopita nilifuturu Tandika, nyumbani kwa mtu ambaye sipendi kumsifu. Mihogo yake ya nazi niliila, nikarudia, kisha nikageukia ukutani nirambe vidole asinione. Nakwambia wewe kwa sababu tumezoeana na najua ukinicheka utanicheka kwa upole. Nina wivu. Wivu wenyewe si wa jana wala juzi, nimekua nao kama watu wanavyokua na kovu la utotoni, na kila nikisikia harufu ya tui linalochemka unaniamkia upya.

Ngoja nikurudishe nyuma. Nililelewa na bibi yangu mzaa mama, Mzaramo hasa, hapo hapo Tandika, kwenye nyumba ambayo nusu yake ilikuwa na wapangaji. Jiko letu lilikuwa uani chini ya bati lenye matundu, kiasi kwamba mvua ikinyesha bibi alikisogeza chungu chake huku na huku akikwepa matone. Alikuwa mtu asiyetupa kitu. Nazi moja kwake ilikuwa shughuli nzima. Tui la kwanza, lile zito, aliliweka pembeni la kuungia. La pili akachemshia mihogo au kunde. La tatu, jepesi kama maji, likaenda kwenye uji. Machicha wakala kuku. Vifuu vikawashia moto, na kile kilichokaa vizuri kikatiwa mpini kikawa upawa. Hata maji ya kuoshea mchele aliyapeleka kwenye tuta lake la mchicha, na mchicha huo ndio tuliokula kesho yake kwa dagaa.

Wali ukibaki haukulala bure. Asubuhi uliwekwa juu ya makaa ya jana yaliyopulizwa, ukaliwa na chai ya rangi, na mimi mpaka leo naona kiporo cha wali wa nazi kinaushinda wali wenyewe. Maharage aliyainjika wakati moto unakufa, akayafunika na kuyasahau kwenye majivu, na tukirudi shuleni tuliyakuta yamelainika. "Moto haujui kuwa umemaliza kazi," alikuwa akisema, "wewe ndio uuambie."

Watu wa mtaani walisema bibi ana mkono. Unaelewa maana yake. Ukichukua mihogo ile ile, nazi ile ile, chumvi ile ile, ukapika mwenyewe, havitokei vile. Na mimi nilijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba mkono ule siku moja utakuwa wangu. Nani mwingine? Mjukuu aliyelala naye kitanda kimoja nilikuwa mimi.

Kisha akahamia mwalimu.

Mwalimu na mkewe walitoka Tabora, Wakristo wa kwenda kanisani na Biblia kwenye mkoba, wakapanga vyumba vya mbele. Walikuwa na binti wa rika langu, mwembamba, mwenye heshima za kupiga magoti akisalimia. Ramadhani ilipoingia alivutwa na harufu kama sisi wote, akawa anakuja uani jioni na kukaa pembeni akitazama. Siku moja bibi ameshapasua nazi, maji yake kayakinga kwenye kikombe, akamwona yule binti amesimama bure. Akamtuma.

"Mama, kaniletee mbuzi hapo nyuma ya nyumba."

Sisi wa pwani mbuzi ya jikoni ni kile kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma na meno, cha kukunia nazi. Kwao Tabora walikuwa wanaunga kwa karanga. Binti akaenda. Akakawia. Tukasikia vurugu, kelele, bati linagongwa, halafu akatokea kona ya nyumba anahema, kamba ameizungushia mkononi, nyuma yake beberu wa muuza mkaa ameweka breki kwa miguu yote.

"Bibi, huyu hapa. Amenisumbua!"

Bibi akamtazama beberu. Akamtazama mtoto. Akaitazama nazi mkononi mwake.

"Sasa mjukuu wangu, nimkalie mgongoni halafu nikunie kwenye meno yake?"

Alicheka mpaka akalala ubavu kwenye mkeka. Machozi yalimtoka. Alipopata pumzi akauliza, "Kwenu wapi, mama?"

"Tabora."

"Mnyamwezi!" Bibi akapiga makofi. "Yaani mtani wangu kahamia nyumbani kwangu na mie sina habari! Ndio maana kaiba mbuzi wa watu."

Na nani aliyetumwa kumrudisha beberu na kumwomba radhi muuza mkaa? Mimi, mjukuu wa damu. Niliporudi nilimkuta yule binti amekalia mbuzi yenyewe, ile ya kweli, bibi kamshika mikono kwa nyuma anamwonyesha jinsi ya kuzungusha nazi.

Unaujua utani wa Wazaramo na Wanyamwezi. Mtani hakosi. Akivunja chombo, ni utani. Akikutukana mbele ya wageni, utani. Akila kilichofichwa, utani vile vile. Mimi nikiliachia tui likatike, kwa sababu tui zito likichemka lazima likorogwe bila kusita na kwa upande mmoja, nilifinywa sikio na kuambiwa nina haraka za mamangu. Mtani akilikata, bibi alisema, "Nyie nazi mmeziona juzi, lete tena." Akapewa upawa upya. Nilikaa pembeni nikiomba kimoyomoyo likatike, likatike, likatike. Halikukatika tena baada ya wiki ya kwanza.

Basi akawa yeye. Jioni ikifika bibi hakuita jina langu, aliita "Mtani!" na sauti ile ilikuwa na kicheko ndani yake hata kabla ya utani wenyewe. Kipindi nazi zilipokuwa adimu, binti alileta karanga za kwao akazitwanga, akamuungia bibi kisamvu. Bibi alionja, akaonja tena. "Mtani kanishinda," akasema. Mimi sikuwahi kumshinda bibi kwa lolote. Krismasi ilipofika bibi alikaanga kaimati na kupeleka kwa mwalimu bakuli limejaa, na bakuli likarudi na wali na kuku, maana hapo kwetu chombo hakirudi kitupu. Watu wazima walifurahi. Mimi niliona tu kwamba kaimati zilizokwenda zilikuwa kubwa kuliko zilizobaki.

Na ukoko! Ukoko wa wali wa nazi, ule wa rangi ya dhahabu unaobanduka mzima chini ya sufuria, zamani ulikuwa wangu. Sasa uligawanywa. Bibi aliukata katikati kwa mkono na mimi niliupima kwa macho, na nusu yake yule kila siku ilionekana kubwa.

Tukakua. Mimi nikaenda kusoma bweni, kisha kazi, kisha ndoa, nikajenga Chanika ambako bado tulikuwa tunasikia vyura. Binti wa mwalimu akabaki Tandika. Baba yake alinunua kiwanja nyuma ya nyumba yetu, na yeye akawa anaingia jikoni kwa bibi kila jioni wakati mimi naingia kwa mwezi mara moja na mfuko wa matunda.

Bibi alipofariki, watani walikuja kama desturi inavyotaka. Kati yao alikuja yeye. Alivaa kanga ya bibi, akashika kiuno kama bibi, akazunguka matanga yote akilalamika kwa sauti ya bibi kwamba wali wa msiba haujaiva, nani huyo kapika, mwondoeni. Watu walicheka huku wanalia. Hata mimi nilicheka, na nilijichukia kwa kucheka. Kisha akaingia jikoni, akatoka na chungu cha bibi kichwani na upawa kauchomeka kiunoni.

"Mie mtani, nachukua changu. Asiyetaka anizike na mie."

Nilisimama. Nilitaka kusema kile chungu ni changu, nimekisugua kwa majivu tangu sijui kusoma. Wazee wakanitazama, na mjomba akasema kabla sijafungua mdomo, "Chukua, mtani, chukua." Mtani hanyang'anywi. Urithi ulipogawanywa mimi nilipewa kabati la vioo la sebuleni. Lipo Chanika mpaka leo, linapendeza, na hakuna mtu aliyewahi kushiba kwa kulitazama.

Miaka imepita. Nyumba ya bibi iliuzwa, pamesimama ghorofa lenye vigae na geti jeusi. Uani pale tulipokuwa tunapepeta mchele wanaegesha magari. Muuza mkaa hayupo, na siku hizi nazi wanakukunia kwa mashine sokoni huku umesimama, au unanunua tui la pakiti unalikata kwa mkasi. Mimi mwenyewe nalinunua. Linaunga vizuri, halikatiki, na halina ladha ya mtu yeyote.

Binti wa mwalimu amebaki. Jumapili anakwenda kanisani, na kila Ramadhani anapika futari ya majirani kwenye chungu kile kile. Ramadhani hii iliyopita alinipigia simu mwenyewe. "Njoo na mtoto, tufuturu kama zamani."

Tulifika jua halijazama. Mwanangu akamwamkia shikamoo akimwita mama mkubwa, ukubwa ambao mwenyewe alijitwalia bila kuniuliza. Chungu kilikuwa motoni, mkaa umetandazwa kama bibi alivyoutandaza, na harufu ikanipokea tangu mlangoni. Alinikalisha kwenye mkeka, tukaongea ya watoto, ya ada, ya maji kukatika. Halafu sikuweza tena kujizuia.

"Hivi bibi alikupendea nini?" nikamuuliza. Nilijaribu kucheka.

Hakucheka. "Mie nilikuwa nakuonea wivu wewe," akasema.

"Mimi?"

"Alinipa upawa. Wewe alikupa paja. Mie nimesimama na moshi machoni, wewe umelala kwenye paja lake anakusuka. Nikirudi kwetu nilikuwa nalia, muulize mama."

Ni kweli, nilisukwa kwenye paja lile, nakumbuka kanga yake ilivyonukia moshi na karafuu. Ungedhani hapo wivu ungeisha. Mimi pia nilidhani. Lakini paja tumelizika, na upawa ulikuwa unazunguka pale mbele yangu, mkononi mwake, kwa upande mmoja.

Tui zito likafika wakati wake. Akainua macho, nikainuka nusu kwenye mkeka, maana ulikuwa wakati wa mtu mmoja kumimina na mwingine kukoroga, na nilikuwa nimengoja kuitwa tangu utoto.

"Mtani!" akaita. Alikuwa anamwita mwanangu.

Msichana akaruka kama panzi. Nikasema, "Acha nisaidie mimi, yeye hajui."

"Aah, wewe kaa," akanijibu bila kugeuka, anamrekebisha mwanangu vidole kwenye mpini. "Mgeni hapikishwi."

Mgeni. Yeye wa Tabora, mimi wa Tandika.

Nikakaa. Tui halikukatika. Adhana ilipolia mwanangu alinijia na sahani ameishika kwa mikono miwili, uso unang'aa kwa jasho na furaha, akapiga goti mbele yangu kama alivyofundishwa muda huo huo.

"Karibu, mama," akaniambia.

Nikapokea. Nikasema ahsante, kama wanavyosema wageni.