Vigoda vya Manjano Siku ya Posa

Shida zangu zilianza mwaka sabini na nne, nikiwa na miaka tisa, baba alipofariki kule Mahurunga nikaacha shule darasa la tatu, lakini aibu yangu kubwa kuliko zote ilinisubiri mpaka nimefika sitini, na niliitengeneza mwenyewe, kwa mashine yangu, kwa mikono yangu hii.

Mimi nasaga plastiki. Ndoo zilizopasuka, madumu, viti vibovu, naosha, nasaga, nayeyusha, natoa vigoda ambavyo nusu ya Mtwara wanakalia. Sasa hoteli moja ya ufukweni ikamaliza mkutano wake wa mazingira (watu walikuja kwa ndege kutufundisha kuokota takataka), wakaniachia viroba kwa viroba vya vikombe vyeupe, vya ile plastiki wanayosema inaoza yenyewe. Bure. Mtu wa kukataa cha bure kwetu hajazaliwa.

Binti yangu Zuhura, anayefundisha kemia sekondari, akashika kimoja akasema, "Baba, hii imetokana na mahindi. Ikaushe kabisa kabla hujaiyeyusha, maji yakibaki yanaikatakata kwa ndani. Na kila ukiirudisha motoni inazidi kudhoofika."

"Ya mahindi? Basi mwambie mama yako asonge ugali."

Nikaosha, nikasaga, nikaitia mashineni na maji yake, kama ninavyozifanya ndoo zangu siku zote. Vigoda vikatoka na mapovu. Nikavisaga, nikayeyusha tena. Bado. Mara ya tatu ikamiminika laini kama uji wa mgonjwa, ikajaza kalibu yote, ikatoka na rangi ya asali, inang'aa. Nikagonga kwa kidole, ikalia kama sahani ya udongo, na mimi fundi mzima nikajisifu kwamba hiyo ndiyo sauti ya uimara.

Wiki ile ile wanaume wanne wakaja kutoka Kitaya kumposa Zuhura. Mke wangu akaleta mkeka, kama watu wote. Nikamwambia aurudishe ndani.

"Wageni wangu hawakai chini, Mama Zuhura. Watakalia mali yangu, wajue wanaoa kwa nani."

"Haya, Baba Zuhura," akasema, kwa ile sauti ambayo wenye ndoa mnaijua.

Mshenga, Mzee Hemedi, mtu mwenye mwili wake, akasema bismillahi akakaa. Kacha! Hakikupinda, hakikulegea kama plastiki yenye adabu, kilivunjika kama biskuti na mzee wa watu akaenda chali na kanzu yake nyeupe. "Hicho kilikuwa na kasoro," nikasema, nikamkalisha baba mdogo wa kijana kwenye kingine. Kacha! Hapo mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema ngoja niwaonyeshe, nikajitupa juu ya cha tatu kwa nguvu zangu zote, nikaishia kwenye sinia ya kahawa na kashata.

Baba mdogo akajipangusa taratibu. "Mzee mwenzangu, tumekuja kuomba binti, hatukuja kupima viti. Sasa kama anavyotengeneza mtu ndiyo hivi, anavyolea je?"

Nikaiona posa ya mwanangu inanyanyuka kuondoka, na mdomo wangu, ambao haujawahi kuniangusha, ukakauka (vikombe ndivyo vilivyotakiwa kukauka).

Nyuma ya pazia ikasikika sauti: "Baba mdogo, mimi sikuyeyushwa mara tatu!"

Wakatazamana. Mzee Hemedi akamuuliza ana maana gani, na Zuhura, bila kutoka, akawasomesha wazee wanne kemia kupitia pazia: maji, moto, nyuzi za ndani zinazokatika zikawa fupi, na baba asiyeambilika. Hapo kwenye baba wakacheka mpaka mshenga akashika mbavu. Mke wangu akatandika mkeka, akaniachia pembeni pa kukaa.

"Huyu tunamtaka," akasema baba mdogo. "Ila vyombo vya nyumba yao tutanunua kwingine."

Siku hizi Zuhura akisema kausha, nakausha. Leo nina nyumba ya bati ya vyumba vinne, mashine mbili, ekari sita za mikorosho, mkwe mmoja wa Kitaya, mkeka, na viroba vitatu vya vipande vya manjano nilivyovizika nyuma ya choo vioze vyenyewe kama walivyoahidi. Juzi nimevifukua. Vipo vile vile. Kuvunjika mbele ya wageni vinajua, kuoza kimya kimya vimegoma.