Gurusa ya Mama Mdogo

Mjukuu wangu ana tabia ya kuniwekea filamu za watu wa mbali, eti nisichoke kukaa. Jumapili iliyopita, kwake Nyayo Highrise, aliniwekea ya Wachina. Maandishi yalipita chini kwa Kiingereza, naye akawa ananisomea kwa Kiswahili, akiruka pale panapomchosha. Nilielewa vya kutosha. Serikali imegeuka, watu wanachambuliwa kama mchele, na mama mmoja anapelekwa mashamba ya mbali kwa sababu babake alikuwa na ardhi. Siri hiyo ilitolewa na bintiye mdogo, aliyewaonyesha wakubwa sanduku la picha lililofichwa chini ya kitanda. Miaka inapita. Mama anarudi na mvi, binti anapiga magoti stesheni mbele za watu, anaomba radhi, mama anamwinua. Vinanda vinalia.

Mjukuu wangu naye alikuwa analia. Mimi nilikasirika.

"Nyanya, kwani hii movie haijakushika hata kidogo?"

"Aliyeitunga ni mwongo," nikamwambia. "Kupiga magoti si rahisi hivyo."

Alicheka, akadhani ni ukali wangu wa kila siku. Sikumweleza neno. Naandika hapa kwa sababu karatasi haitanikatiza.

Mama yangu mzazi alifariki kabla sijaweza kumkumbuka sura. Baba alikuwa Mnubi, askari mstaafu, mtu wa koti la kaki na maneno machache. Akaoa mwanamke Mkikuyu wa Kawangware aliyekuwa akituletea maziwa kwetu Kibra, na huyo ndiye aliyenilea. Alisilimu, akajifunga nguo kama wanawake wetu, akajifunza Kinubi mpaka akawa anagombana kwacho. Nilimwita Mama Mdogo. Nilipougua surua alinilaza kifuani siku tatu mfululizo, na bado nilimwona mgeni. Nilifundishwa kumwona hivyo.

Kwetu mke aliyetoka nje alijaribiwa kwenye gurusa, ule mkate mwembamba wa unga uliochachuka unaotandazwa juu ya chuma cha moto. Mwanamke yeyote wa nyumba, hata mtoto wa kike, alikuwa na ruhusa ya kumwambia, "Si hivyo." Naye jibu lake lilikuwa moja tu: "Nifundishe." Shangazi zangu waliifanya kazi hiyo mwaka mmoja, wakachoka, wakaacha. Mimi sikuacha. Nilikuwa na miaka tisa, na hakuna mtu mwingine duniani niliyeweza kumsahihisha. Kila asubuhi nilisimama kando ya moto: "Si hivyo, Mama Mdogo." Naye, bila hata kuinua macho: "Nifundishe, mwanangu."

Kisha ikaja Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau. Wakikuyu wakaanza kuondolewa mjini kwa malori, nyumba moja baada ya nyingine. Baba alituita sote wawili. Akamwambia mkewe, "Ukiulizwa, wewe ni Mnubi. Basi." Akanigeukia: "Na wewe, huo mdomo wako ufunge." Nakumbuka niliudhika kwamba ametaja mdomo wangu.

Walikuja asubuhi Baba akiwa kazini. Mzungu alibaki kwenye gari, askari wawili wakaingia uani. Mmoja alikuwa amekulia karibu nasi Kibra, anazijua harusi zetu na vyakula vyetu. Mama Mdogo alijibu maswali yote kwa Kinubi safi. Yule askari alimtazama sana, kisha akaona chuma kikiwa motoni.

"Mama, tupikie gurusa tuone," akasema, kama mtu anayeomba chai.

Mama Mdogo akachota unga, akamwaga, akatandaza. Gurusa ilitoka nyembamba, ya duara, imeiva kingo zote. Nimepika gurusa maisha yangu yote na ninaweza kuapa kwamba ile haikuwa na kasoro. Askari wa pili alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni.

Nami nikaona wanaume wawili wenye bunduki wamesimama uani kwetu, na hakuna anayenitazama mimi binti wa nyumba. Nikasogea mbele.

"Si hivyo, Mama Mdogo."

Naye, kwa mazoea ya miaka, akajibu, "Nifundishe, mwanangu."

Hapohapo akasikia alichokisema. Aliuweka upawa chini polepole. Yule askari akacheka kidogo, akamuuliza mimi ni mtoto wa nani, na kwa nini mama wa Kinubi afundishwe gurusa na mtoto. Mama Mdogo akaniambia nitoe mkate kabla haujaungua, akajifunga mtandio, akatoka na wale askari. Niliutoa. Niliula, nilikuwa na njaa.

Baba alivaa nishani zake zote, akaenda ofisini kwa mkubwa wa wilaya. Wakamwambia, "Mzee, ni mtoto wako aliyesema." Hakunichapa. Laiti angenichapa. Alirudi akakaa uani na koti lake mpaka shangazi akaja kuwasha moto, na tangu siku hiyo hakula tena gurusa niliyoipika mimi.

Walimpeleka kwao. Hiyo ndiyo sehemu inayoniaibisha zaidi nikiwaona wale Wachina na treni zao na milima yao. Kwao palikuwa Kawangware, mwendo wa saa moja kwa miguu. Kijiji chao kilizungushiwa handaki na miti iliyochongwa, na kuingia kulitaka ruhusa, ni kweli. Lakini handaki lilifukiwa baadaye, na ruhusa zikakoma, na saa moja ikabaki saa ileile. Sikwenda. Baba alifariki akimngoja. Hata habari ya msiba nilimtuma mtu ampelekee.

Mama Mdogo alikuja mwenyewe, mimi nikiwa tayari nimeolewa. Amekonda, meno mawili ya mbele hayapo. Alinikumbatia kabla sijajua la kufanya na mikono yangu. Nilimpa chai, nikaanza kupika, akaninyang'anya upawa akisema yeye si mgeni. Akatandaza gurusa. Kule kijijini, alisema, alikuwa akijifunza juu ya bati la debe, kwa unga wowote uliopatikana, akinisikia mimi kichwani nikimwambia si hivyo.

Akaniwekea ile gurusa mkononi.

"Sasa niambie," akasema. "Siku ile nilikosea wapi?"

Hapo ndipo yule binti wa Kichina alipopiga magoti. Magoti ninayo. Tulikuwa peke yetu, hakuna askari, hakuna Mzungu, na yule mwanamke alikuwa ametembea saa nzima kuniuliza. Nilijua jibu. Nilikuwa nimelijua tangu asubuhi ile, mkate ukiwa bado wa moto mdomoni mwangu.

"Ilikuwa nene kidogo," nikamwambia.

Akacheka, akajipiga paja.

"Nilijua," akasema. "Miaka yote hiyo nilijua ni mimi."