Moja ya Sita ya Chupa

Mkasa huu nikiukumbuka hata nikiwa peke yangu jikoni najifunika uso, kwa hiyo naomba msinicheke sana. Nilikuwa darasa la sita, Inyonga, na nilishamwambia baba kwamba Hisabati hainisumbui hata kidogo (uongo mtupu, nilikuwa nachungulia daftari la jirani yangu), maana alikuwa hajaamua kama nikimaliza la saba nitaenda sekondari au nitabaki kumsaidia mama kwenye shamba la tumbaku. Akasema atakuja siku ya wazazi ajionee mwenyewe.

Akaja kweli, na shati lake la kanisani linalonuka moshi wa kurinia asali, akakaa mbele kabisa. Mwalimu akauliza nani atawaonyesha wazazi namna ya kugawanya sehemu kwa sehemu, na mimi, badala ya kutulia kama wenzangu wenye akili, nikanyoosha kidole. Swali lilikuwa hivi: ndoo ina asali robo tatu yake, chupa moja inachukua moja ya nane ya ndoo, zitajaa chupa ngapi? Nilikumbuka kwamba kuna sehemu inapinduliwa halafu unazidisha, basi nikapindua ya kwanza badala ya ya pili, nikaandika kwa mbwembwe zote, nikawageukia wazazi nikatangaza, "Jibu ni moja ya sita ya chupa."

Baba, ambaye hajawahi kukaa darasani hata siku moja, akainuka taratibu. "Samahani mwalimu. Hiyo asali nyingine kala nani?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Hapo ningekaa chini yangeisha, lakini nikamjibu mbele ya umati, "Baba, hii ni hesabu ya kitabuni, siyo ya porini."

"Zinajaa sita, mama," akaniambia kwa upole. "Hata porini ni sita."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Nilitamani ardhi inimeze.

Tukarudi nyumbani, mimi nyuma ya baiskeli yake, nalia kimyakimya kwa kuwa sekondari nilishaiona imeniponyoka. Kwenye mlima akashuka, akaanza kuisukuma huku mimi bado nimekaa nyuma. "Sekondari utaenda," akasema. Nikamuuliza kwa nini, baada ya aibu yote ile.

"Ungekuwa unajua, ningekubakiza nyumbani. Shule anapelekwa asiyejua."

Toka siku hiyo sinyooshi kidole kabla sijasikia swali. Ila baba hayupo tena, na kusema kweli aibu ile ningekubali kuirudia hata kesho, mradi anisukume tena kwenye ule mlima.