Shemeji na Mkono wa Kochi

Wewe ungemwamini nani: mikono yako mwenyewe iliyofanya kazi, au paka?

Usijibu haraka. Fundi wa makochi ambaye mtaa mzima unamwita Sponji naye angekujibu haraka, kabla ya siku ile. Angecheka mpaka misumari anayoibana midomoni imdondoke, halafu angekwambia paka ni paka, kazi yake panya, na hata hiyo anaifanya akijisikia.

Maneno hayo aliyasema huku akiishi chini ya utawala wao. Karakana yake iko mbele ya nyumba, chumba kirefu chenye mlango wa bati, na mle ndani paka wawili walikuwa na mamlaka kumshinda mwenye nyumba. Wa kwanza ni dume nene la rangi ya majivu, sikio moja limechanika, jina lake Meneja. Hakuna kochi lililotoka bila Meneja kulilalia. Akijimwaga katikati na kunyoosha miguu yote minne, Sponji humwambia mteja, "Limepita hilo." Akipanda, akazunguka, akashuka, wapo wateja wanaogoma kuchukua mzigo.

"Fundi, hebu angalia tena hapo. Meneja kakunja uso."

"Meneja alizaliwa kakunja uso!"

Lakini fundi hununa, hufungua, na mara nyingine, aibu iliyoje, hukuta springi imelala upande.

Wa pili ni jike jembamba lenye madoa meusi na ya chungwa, ambalo mke wa Sponji alilileta kutoka kwa dada zake ndani ya kikapu cha sokoni. "Huyu katoka kwenu," Sponji alisema siku hiyo, "kwa hiyo ni shemeji yangu. Nitamheshimu, ila asiniletee maneno." Jina likaganda. Shemeji hanywi maziwa mpaka umpe kisogo. Hulala juu ya kitambaa kilekile unachotaka kukikata, ukimwondoa anahamia juu ya mkasi. Huiba nyuzi na kuzitumbukiza kwenye kiatu cha kushoto cha fundi, cha kulia hajawahi kukigusa, na mpaka leo hakuna anayejua kile cha kulia kilimkosea nini. Mke akisikia mumewe anafoka karakanani, hupaza sauti kutoka jikoni:

"Unagombana na nani tena, baba watoto?"

"Na ndugu yako!"

Hivyo ndivyo walivyoishi, na usidhani Sponji alikuwa na shida. Mtu asiyempenda paka hamkatii sponji ya kulalia kwa kipimo cha tumbo lake. Shemeji alipobeba mimba, fundi alimtengenezea kikapu chenye godoro, akakishona na pindo. Wakazaliwa watoto wanne, vipofu, wekundu puani, kila mmoja anaenea kwenye kiganja.

Wiki hiyohiyo ndiyo kazi ya mkunga ilipokuwa mezani.

Mkunga anakaa ng'ambo ya barabara, nyumba yenye geti la kijani, inatazamana na karakana. Ni mwanamke wa sauti nzito, mkuu wa wodi ya wazazi, anayenawa mikono kabla ya kukusalimia na akishakusalimia ananawa tena. Alikuwa anastaafu. Jumamosi alasiri wakunga wenzake wangekuja kwake kumuaga, na alitaka wakalie makochi yanayofanana na mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Akampa Sponji makochi matatu, kubwa moja na madogo mawili, na kitambaa cha buluu alichokinunua mwenyewe, kipande cha mwisho dukani.

"Nikikuta unyoya mmoja wa paka, fundi. Mmoja tu. Nakurudishia mzigo wako mchana kweupe watu wakiona."

"Mama, mzigo utakuwa safi kama wodi yako."

"Wodi yangu unaijua?"

"Mimi nilizaliwa humo."

"Ndiyo maana nakuonya. Ulitoka umechelewa."

Sasa, Sponji ana desturi yake ya kazi. Mkono wa kochi ni sanduku la mbao lenye uwazi ndani. Yeye huujaza pamba na vipande vya nguo, kisha huuacha wazi usiku kucha ili pamba ishuke yenyewe. Asubuhi huongeza kidogo, hufunika gunia, hufunika kitambaa, hupiga pini. Mafundi wengine hufunga papo hapo, ndiyo maana mikono ya makochi yao hubonyea kama maandazi yaliyopoa. Alhamisi jioni aliiacha mikono yote sita wazi. Ijumaa asubuhi akafungulia redio, marudio ya mechi, mtangazaji anapiga kelele kama anayeibiwa, na yeye akapiga pini mkono mmoja baada ya mwingine huku akimtukana golikipa. Kabla jua halijawa kali, mtu wa mkokoteni alikuwa ameshayavusha makochi barabarani.

Mchana Shemeji akaanza kulia.

Haikuwa ile milio yake ya kudai. Ilikuwa sauti ndefu, ya chini, inayotoka tumboni. Alisimama pale sakafuni yalipokuwa makochi, akanusa, akalia, akaenda mlangoni, akarudi palepale. Mke wa Sponji akaacha sufuria, akaja akifuta mikono kwenye kanga.

"Huyu ana nini?"

"Anataka samaki."

"Samaki gani analiliwa hivi? Wewe, hebu njoo uangalie kikapu." Akainama. Akafunua kitambaa, akafunua tena. "Baba watoto. Watoto wapo watatu."

"Wanne."

"Njoo uhesabu na wewe, huenda hesabu za kwetu ni tofauti."

Walikuwa watatu. Wakatafuta chini ya meza, nyuma ya magunia, ndani ya kile kiatu cha kushoto. Kisha mke akasimama wima, akamtazama mumewe, na Sponji aliijua ile sura.

"Jana uliacha nini wazi usiku?"

Fundi akakalia ndoo. Paka mzazi huhamisha watoto, kila mtu anajua. Hutafuta penye giza, pembamba, pa joto. Na ni pembamba gani, pa joto gani, kuzidi mkono wa kochi uliojaa pamba mpya? Alianza na mmoja. Akamwacha humo akamfuate mwingine, au akapumzika kunyonyesha, nani ajuaye, na huku nyuma akaja mtu mwenye redio na bunduki ya pini.

"Nimemshona," Sponji alisema. "Mke wangu, nimemshona mtoto wa mtu."

Mkunga alifungua geti akiwa ameshika ufagio. Alimsikiliza fundi mpaka mwisho bila kupepesa macho.

"Unaniambia kwenye kochi langu kuna paka."

"Mtoto wa paka, mama. Mdogo sana."

"Nilikwambia unyoya mmoja. Umeniletea na mwenye unyoya."

"Nifungue tu, mama. Nitafunga kesho alfajiri, kabla ya wageni."

"Kwa kitambaa gani?"

Hapo ndipo penye mfupa. Kitambaa cha buluu kilikwisha. Kilichobaki karakanani kilitosha kufunika mkono mmoja upya, na dukani hakikuwepo tena. Kukivua bila kukiharibu hakuwezekani: Sponji hupiga pini kwa karibu mno, fundi mwenzake aliwahi kumwambia anashona kama anayefunga jela.

"Unajua ni mkono upi?" mkunga aliuliza.

"Najua. Kochi kubwa, mkono wa kulia. Huo niliukuta umejaa kupita nilivyouacha. Nakumbuka kabisa, niliusukuma kwa ngumi."

Aliposema neno ngumi akautazama mkono wake.

"Basi kata huo. Huo tu. Kesho sikalishi wodi nzima kwenye matambara."

Mkewe alikuwa amembeba Shemeji kwenye kapu, na walipoingia sebuleni paka alijirusha chini. Mkunga akavuta pumzi kwa hasira. Sponji akapiga magoti mbele ya kochi kubwa, akalaza sikio kwenye mkono wa kulia. Kimya. Akasikiliza mikono mingine yote. Kimya tu. Akarudi kwenye ule wa kulia, akatoa kisu.

Shemeji hakumfuata. Alikwenda moja kwa moja, bila kunusa kona, bila kusitasita, mpaka kwenye kochi dogo lililo chini ya dirisha. Akasimama kwa miguu ya nyuma, akaweka ile ya mbele kwenye ubavu wa mkono wa kushoto wa kochi, na akanyamaza. Yeye aliyelia tangu mchana akanyamaza.

"Shemeji, si huko," Sponji alisema. "Njoo huku."

Paka akageuza kichwa, akamtazama, akarudisha uso wake kwenye kitambaa.

"Kata basi," mkunga alisema.

Kisu kilikuwa mkononi. Ile mikono yake ilikumbuka. Ilikumbuka uzito, ilikumbuka ule ujazo usio wa kawaida, na haikuwahi kumdanganya tangu ajifunze kazi. Na upande wa pili kulikuwa na mnyama anayeiba nyuzi. Akikosea, mtoto atafia humo, na hakutakuwa na kitambaa cha kosa la pili, wala mtu wa kumruhusu kukata.

"Mke wangu," alisema, "unasemaje?"

"Mimi sijazaa yule. Muulize aliyezaa."

Sponji akanyanyuka kwenye kochi kubwa, akavuka zulia kwa magoti, akamfikia Shemeji. "Ukinidanganya leo," alimnong'oneza, "udugu umekwisha." Akakata.

Gunia likapasuka, pamba ikafumka. Akaingiza vidole, kisha kiganja, kisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Akatoa kitambaa chekundu. Akatoa pamba. Akatoa kitu kidogo, kilicholegea, kilichofungamana na nyuzi, kichwa kikining'inia kama kifungo kinachotaka kukatika.

Mkunga, ambaye mikono yake haijawahi kungoja kuambiwa, akaupeleka mkono kumpokea. Shemeji akanguruma. Si kwa nguvu. Ngurumo moja tu, fupi. Na mwanamke aliyewafukuza madaktari kwenye chumba cha kujifungulia akarudisha mkono wake, akaukunja kifuani.

"Haya," alisema taratibu. "Mwenye kazi kafika."

Shemeji akamng'ata mtoto shingoni, akamtoa kiganjani mwa fundi, akamlaza kwenye zulia. Akaanza kumlamba, wala si kwa upole. Alimlamba kinyume cha manyoya, akamviringisha, akampiga ulimi kifuani, akamgeuza kifudifudi, akamrudisha chali, akamsafisha pua, akarudi kifuani. Alifanya hivyo bila haraka na bila kupumzika, kama aliyefundishwa mahali ambapo sisi hatujawahi kupelekwa. Na bado tuna kiburi cha kusema mnyama hajui! Tumejaza maktaba, tunagawa vyeti, tukitaka kumdhalilisha mwenzetu tunamwita mnyama. Siku ile watu wazima watatu walikuwa wamepiga magoti kwenye zulia moja, mmoja ana ufundi, mmoja ana shule, mmoja ana watoto wa kuwazaa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na la kufanya zaidi ya kutazama ulimi.

Mkunga alikuwa anasogeza midomo. Sponji alidhani anasali. Kumbe alikuwa akisema, kwa sauti ya chini kabisa, kama anavyowaambia wanaojifungua wodini: "Endelea, mama. Endelea. Usiache."

Kisha mguu mmoja ukajikunja. Tumbo likapanda, likakaa, likashuka. Kikatoka kilio kama mlango wa kabati usiotiwa mafuta.

Mke wa Sponji akajifunika uso kwa kanga. Mkunga akakaa chini kabisa, miguu imenyooka, kiatu kimoja kimemtoka. Alikaa hivyo, manyoya ya paka yamejaa kwenye sketi yake, asiyapanguse.

"Mimi nimepokea watoto maisha yangu yote," alisema. "Kesho watakuja kuniambia nilikuwa hodari." Akatikisa kichwa. "Fundi, amejuaje? Humo ndani hakukuwa na sauti. Wewe umesikiliza, mimi nimekuona."

"Sijui, mama."

"Na ule mkono mwingine? Uliojaa?"

Sponji akaenda akaubonyeza. Ulikuwa umejaa kweli. Pamba tu, aliyoizidisha mwenyewe.

Jioni waliwarudisha nyumbani wote wawili, mtoto ameshikilia chuchu kama anayedai fidia. Sponji alimwekea Shemeji samaki mzima, akampa kisogo kwa adabu. Alipogeuka, samaki alikuwa hajaguswa. Shemeji alikuwa ameketi mbele ya kikapu, anamtazama.

"Nisamehe, shemeji," alisema.

"Amekusikia," mkewe akamwambia. "Kusamehe ni kazi nyingine."

Jumamosi asubuhi Sponji aliamka na jua, akachukua sindano, uzi, kile kipande cha mwisho cha buluu, akaingia karakanani. Kikapu kilikuwa kitupu. Godoro bado lina joto. Akasukuma mlango wa bati, akatoka nje akiwa na soksi tu.

Shemeji alikuwa katikati ya barabara. Kichwa amekiinua juu, shingo ngumu, mtoto ananing'inia mdomoni, wa mwisho, maana wengine hakuwaona popote. Ng'ambo, geti la kijani lilikuwa wazi lote, na mkunga amesimama hapo na gauni la kulalia, nywele hazijachanwa. Baiskeli ya mwuza mikate ilikuwa inashuka kwa kasi, kengele inalia. Mkunga akaingia barabarani miguu peku, akanyoosha kiganja.

"Simama!" alisema kwa ile sauti ya wodini. "Mzazi anapita."

Mwuza mikate akafunga breki mpaka mikate miwili ikaruka. Akaweka mguu chini, akatazama, akavua kofia bila kujua kwa nini anaivua. Shemeji akapita mbele ya gurudumu bila kumtazama yeye, wala mkunga, wala fundi aliyesimama na sindano mkononi. Akaingia getini, akapanda ngazi, akaufuata mlango wa sebuleni uliokuwa umeachwa wazi, kwenye ule mkono wa kochi uliokuwa haujashonwa bado.